Kujaribu Fimbo Mpya za Gofu Katika Raundi ya Kawaida: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Kununua Bila Kujuta

"Kaka, ile draiva niliyokuambia nimeshainunua. Siku ya kuijaribu mpira ulikuwa unatoka vizuri mno. Sasa hivi kila ninachopiga kinaingia kwenye miti. Nimeibiwa?"

Ujumbe wa namna hii hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mara jibu langu ni kwamba hukuibiwa. Fimbo ni ile ile. Ulipiga mipira mitatu, mmoja ukakukaa moyoni, ukatoa pesa. Draiva mpya ya kampuni inayojulikana, yaani ile fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza wa shimo, inaweza kuzidi mshahara wa mwezi wa watu wengi hapa kwetu, kwa hiyo kosa hili linauma.

Mwongozo huu ni wa raundi ya kirafiki, ile ya katikati ya wiki, isiyo ya kombe. Hapo ndipo pa kuijua fimbo, kwa sababu uwanjani kuna mteremko, rafu (nyasi ndefu za pembeni), upepo, na shimo linalokutia hofu. Kwenye renji, yaani uwanja wa mazoezi, unapiga mpira wa ishirini kutoka mahali pale pale, mwili umeshazoea, na karibu fimbo yoyote itaonekana njema.

Ninaandika kwa anayecheza kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

## Vitu vya kuandaa

- Fimbo moja unayotaka kuijaribu. Moja tu. Kama ni seti ya aironi, zile fimbo za chuma zenye namba, chukua namba 7 peke yake kwanza.
- Fimbo yako ya zamani inayofanya kazi hiyo hiyo. Bila hii hakuna jaribio.
- Mipira sita ya aina moja, ile unayoitumia siku zote. Usiokoteokote.
- Kalamu ya ubao mweupe, ile inayofutika, pamoja na kitambaa chenye unyevu.
- Daftari dogo na penseli. Simu huzimika na jasho huharibu skrini.
- Kipimo cha umbali: leza, programu ya simu inayosoma setilaiti, au miguu yako. Hatua moja ndefu ya mtu mzima inakaribia yadi.
- Tii, vile vijiti vya kuwekea mpira, zenye urefu mmoja, kama unajaribu draiva.
- Kedi, yaani mbebaji wa mkoba wako, anayeujua uwanja na mwenye macho ya kufuata mpira.

Mipira iwe ya aina moja kwa sababu mpira laini na mpira mgumu hutofautiana kwa umbali na kwa jinsi unavyosimama griini, yaani eneo la nyasi fupi lenye kishimo. Ukibadilisha fimbo na mpira kwa wakati mmoja, hutajua kipi kimeleta tofauti.

## Hatua ya 1: Amua mapema kama kadi ya alama itahesabika

Fanya hivi kabla ya tii ya kwanza, na waambie wenzako.

Ukitaka alama za siku hiyo ziingie kwenye handikapu, kipimo cha kiwango chako cha uchezaji, lazima ucheze kwa kanuni, na kanuni zinakufunga mikono kwa mambo manne. Huwezi kubeba fimbo zaidi ya 14, na hiyo unayoijaribu inahesabiwa. Huwezi kuazima fimbo ya mtu mwingine anayecheza uwanjani siku hiyo, hata kama ni rafiki yako wa kundi moja. Huwezi kupiga mpira wa pili wa majaribio katikati ya shimo. Na huwezi kupaka kitu usoni mwa fimbo ili kubadili inavyofanya kazi. Kosa la fimbo ya kumi na tano au ya kuazima ni mikwaju miwili kwa kila shimo ulilokosea, isizidi minne kwa raundi.

Ushauri wangu ni kuacha kadi nyumbani. Jaribio zuri linahitaji mpira wa pili, na mpira wa pili unaua kadi. Anayejaribu huku akilinda alama zake hufanya yote mawili nusunusu.

Uliza pia ofisini au kwa msimamizi wa kuanzisha makundi kama klabu inaruhusu kupiga mipira miwili. Vipo viwanja vinavyokataza, hasa siku zenye watu wengi.

Umefaulu hatua hii kama kila mtu kundini anajua utafanya nini, na hakuna atakayekuuliza shimo la tano, "Sasa huo wa pili ni wa nini?"

## Hatua ya 2: Kagua fimbo na uipige picha

Nimejifunza hili kwa pesa yangu. Niliwahi kuazima draiva kwa muuzaji wa fimbo zilizotumika, nikacheza nayo mashimo tisa, nikairudisha. Akaonyesha mkwaruzo mweupe juu ya kichwa, ile alama inayoachwa na mtu anayepiga chini ya mpira. Sikuwa na ushahidi kwamba niliikuta. Nililipa.

Kwa hiyo, mbele ya mwenye fimbo, piga picha nne: uso, juu ya kichwa, soli (chini ya kichwa), na shafti (mti wa fimbo) yote kuanzia shingoni hadi kwenye mshiko. Mtumie hapo hapo kwa WhatsApp. Andikeni pia mistari miwili: utairudisha lini, na nani atalipa ikivunjika.

Kisha itikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza ndani, mara nyingi ni gundi iliyoachia. Haivunji fimbo, lakini ni sababu ya kuzungumza bei. Shika kichwa kwa mkono mmoja na shafti kwa mwingine, jaribu kuvizungusha taratibu. Kikicheza hata kidogo, usiipige. Kichwa cha chuma kinachochomoka kinaweza kumuumiza mtu vibaya.

Mwisho angalia mshiko. Ukiwa umekauka na kung'aa, utakaza mikono bila kujijua, hasa kwenye joto letu la Pwani ambapo kiganja hakikauki. Utailaumu fimbo kwa kosa la mshiko ambao fundi anaubadilisha kwa muda mfupi.

## Hatua ya 3: Soma digrii, usisome namba

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, na hawadanganywi na muuzaji, wanadanganywa na namba iliyochongwa kwenye soli.

Lofti ni kiasi ambacho uso wa fimbo umelala nyuma, na hupimwa kwa digrii. Aironi namba 7 za miaka ya nyuma zilikuwa na digrii 34 hadi 36. Namba 7 nyingi za siku hizi zina digrii kati ya 27 na 31. Yaani namba 7 mpya ya mwenzako inaweza kuwa na lofti ya namba 5 yako. Ikienda mbali zaidi ya 7 yako, ilikuwa lazima iende.

Tafuta digrii za fimbo zote mbili kabla ya kutoka nyumbani. Kampuni nyingi huziweka kwenye tovuti zao. Kisha linganisha digrii kwa digrii: kama 7 mpya ina digrii 29 na 5 yako ina 28, mshindani wake ni 5 yako.

Angalia pia kitakachotokea upande wa chini wa seti. Kwenye seti hizi mpya weji (fimbo ya mipira mifupi ya kupanda juu) ya kwanza inaweza kuwa na digrii 43 hadi 45. Kama weji yako ya mchanga ina 56, umejichimbia pengo la zaidi ya digrii 10 katikati, na utahitaji kununua fimbo nyingine ya kuliziba. Muuzaji wa seti hatakukumbusha hilo.

Herufi za ugumu wa shafti, R (ya kawaida), S (ngumu) na nyinginezo, zisome kama dokezo tu. Hakuna kipimo kimoja kinachozibana kampuni zote. R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko S ya nyingine.

## Hatua ya 4: Chagua siku, saa na uwanja

Siku ya kazi, asubuhi, na kundi dogo. Wachezaji wawili wanatosha.

Asubuhi, kwa sababu ya upepo. Anayecheza Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa anajua jinsi hewa ya bahari inavyoamka kadiri jua linavyopanda. Ukipiga fimbo ya zamani saa moja na nusu asubuhi na mpya saa sita mchana, umelinganisha upepo. Msimu nao una neno. Kusi na kaskazi huvuma kutoka pande tofauti, na shimo lililokuwa rahisi Januari huwa refu Julai. Andika mwelekeo wa upepo juu ya ukurasa.

Mwinuko wa mji ndio mtego mkubwa zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Arusha karibu 1,400. Hewa huko ni nyepesi, mpira haukwami sana, unasafiri. Mpira wa yadi 150 hapa Dar unaweza kuongeza yadi 10 au hata zaidi ukiupiga Nairobi kwa nguvu ile ile. Nimewaona watu wa Pwani wanaazima fimbo wakiwa safarini, wanaona maajabu, wanarudi nayo nyumbani, na maajabu yanabaki milimani. Ukijaribu ugenini, lazima fimbo yako ya zamani iwepo ugenini. Kama hukuibeba, furahia mchezo na usinunue kitu.

Nyasi pia. Viwanja vingi vya nyanda za juu za Kenya vina nyasi za kikuyu, ambazo kwenye feawei, ile njia ya nyasi fupi kuelekea griini, huubeba mpira juu kama umewekwa kwenye brashi. Haibridi, fimbo iliyo kati ya aironi na mbao, au fimbo ya mbao itaonekana nyepesi kupiga. Rafu ya nyasi hizo hizo hushika shingo ya fimbo na kuugeuza uso. Kwenye nyasi nyembamba na ardhi ngumu za Pwani mambo ni mengine.

## Hatua ya 5: Pasha mwili, anza na ya zamani

Fika nusu saa kabla. Nyoosha mgongo na mabega, kisha piga mipira kumi kwa fimbo yako ya zamani. Baada ya hapo piga mipira kumi kwa mpya. Hii kumi usiiandike popote. Kazi yake ni kuzoesha mikono uzito na urefu tu.

Ukiruka hatua hii, mashimo matatu ya kwanza yatapotea katika kuizoea fimbo, na utaandika matokeo ya mwili baridi.

Onyo moja: usibadilishe namna unavyopiga ili kuifurahisha fimbo mpya. Ukijikuta unapunguza kasi au unasogeza mguu ili mpira unyooke, simama. Unapima kama fimbo inamfaa mtu huyu aliyepo leo.

## Hatua ya 6: Piga kwa zamu, ukibadilisha nani anaanza

Hiki ndicho kiini cha jaribio. Ukisahau mengine yote, shika hili.

Kwenye kila shimo linalofaa piga mipira miwili: mmoja kwa fimbo ya zamani, mmoja kwa mpya. Mashimo ya namba witiri, 1, 3, 5, anza na mpya. Mashimo ya namba shufwa, 2, 4, 6, anza na ya zamani.

Kwa nini kubadilishana? Kwa sababu mpira wa pili una faida kila wakati. Umeshaona upepo ulivyoubeba wa kwanza, mwili umelegea, hofu imepungua. Karibu wote wanaojaribu huanza na fimbo yao ya kila siku, wakikosea kidogo wanasema, "Hebu nijaribu hii mpya." Mpira wa pili unanyooka, na fimbo mpya inapewa sifa ambayo ni ya mpira wa pili. Ukibadilisha nani anaanza, faida hiyo inagawanyika sawa.

Kwa draiva, uwanja wa mashimo 18 kwa kawaida utakupa karibu nafasi 14, yaani par 4 na par 5 zote, mashimo yanayotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne au mitano. Kwa aironi 7, tumia par 3 zinazofaa, na pale mpira wako unapofika karibu na nguzo ya yadi 150, weka mpira wa pili hapo hapo. Draiva na aironi usizijaribu raundi moja.

Kwa kila mpira andika vitu vinne:

1. Fimbo: Z ya zamani, M mpya.
2. Umbali hadi mpira uliposimama.
3. Mahali: feawei, rafu kulia, rafu kushoto, banka (shimo la mchanga), griini, nje ya mpaka.
4. Alama ya usoni, tutakayoieleza hatua ya 7.

Usiandike "nzuri" au "mbaya". Maneno hayo ni ya moyo.

Zungumza na kedi mapema. Mimi husema hivi: "Kaka, leo usiniambie imetoka vizuri. Niambie imetua wapi na imepinda upande gani." Kedi mzuri ataelewa mara moja. Tangu nianze kumwomba hivyo, majibu yamekuwa mafupi na ya kweli: "Bosi, rafu ya kushoto, hatua kumi kutoka kwenye mti." Mtangulize mbele kwenye mashimo yenye mpindo, kwa sababu mpira uliopotea ni matokeo yaliyopotea. Malipo yake yawe ya kazi hiyo ya ziada. Anafuata mipira miwili badala ya mmoja.

Wakati ndio adui. Kundi la nyuma likiwakaribia, wapishe. Wakisimama kukusubiri, ruka mpira wa pili kwenye shimo hilo, andika mstari mtupu, endelea. Mipira kumi iliyopigwa kwa utulivu ni bora kuliko kumi na nne uliyoipiga ukitazama nyuma. Na kila kipande cha nyasi unachong'oa, kirudishe au kijaze mchanga, maana leo unang'oa mara mbili.

Ukifika shimo la 18 na angalau mipira kumi ya kila fimbo daftarini, na takriban nusu ikiwa fimbo mpya ndiyo iliyoanza, umefanya kazi sawasawa.

## Hatua ya 7: Soma alama usoni na chini ya fimbo

Chora nukta nene kwa kalamu ya ubao nyuma ya mpira, upande utakaogongwa. Baada ya kupiga, nukta itabaki usoni mwa fimbo. Tazama, andika, futa kwa kitambaa. Sekunde tano.

Alama zikirundikana katikati, urefu wa fimbo unakufaa. Zikirundikana ncha ya mbali au karibu na shingo, fimbo ina urefu au uzito usiokufaa. Draiva za dukani siku hizi nyingi zina inchi 45 na nusu au karibu na hapo, na kwa wengi wetu ni ndefu. Jaribu mipira minne ukishika chini kidogo, inchi moja hivi. Kama alama zinarudi katikati, umepata jibu bila kulipia: fimbo hiyo ikatwe, au uishike hivyo hivyo.

Zikitawanyika kila mahali, juu, chini, kulia, kushoto, fimbo haihusiki. Pesa hiyo itakufaa zaidi kwa mwalimu wa klabu.

Kwa aironi tazama pia soli na shimo la nyasi. Kama upande wa karibu nawe ndio unaochimba zaidi na mipira inakwenda kushoto, fimbo imesimama mno kwa kimo chako. Kama ncha ya mbali ndiyo inachimba na mipira inakwenda kulia, imelala mno. Fimbo nyingi fundi anaweza kuzikunja digrii moja au mbili, kwa hiyo usiikatae kwa hilo peke yake. Lipunguze kwenye bei.

## Hatua ya 8: Ipeleke mahali pagumu

Kuanzia shimo la 10, acha kuchagua nyasi nzuri. Weka mpira kwenye rafu, kwenye mteremko unaoshuka, kwenye kipara. Mipira sita inatosha. Fimbo inayopendeza kwenye tii peke yake haitakusaidia siku ya kombe ukiwa nyuma ya mwembe.

Anayejaribu weji akae hapa zaidi. Chini ya weji kuna uvimbe wa soli unaoizuia kuzama, nao hupimwa kwa digrii. Wenye digrii 4 hadi 6 ni mdogo, unafaa ardhi ngumu na mchanga mchache. Wenye 10 hadi 14 ni mkubwa, unafaa mchanga mwingi laini na ardhi iliyolowa. Sasa fikiria kalenda yetu. Ukiijaribu weji ya uvimbe mkubwa wakati wa masika, Aprili, ardhi imelowa, itateleza chini ya mpira kama kisu kwenye siagi. Ipige weji ile ile Septemba, ardhi imekauka kama sakafu: soli inagonga, inaruka, na ukingo unauchapa mpira kiunoni. Unavuka griini na kwenda upande wa pili.

Kwa hiyo jaribu mipira mitano kwenye banka, mitano kwenye ardhi ngumu iliyokanyagwa, mitano kwenye nyasi zilizonyeshewa au kumwagiliwa. Ukiwa na msimu mmoja tu mkononi, jiulize miezi mingapi ya mwaka uwanja wako huwa mgumu, kisha chagua kwa hiyo.

## Hatua ya 9: Kama unajaribu pata

Hii ni fupi. Pata, fimbo ya kusukumia mpira griini, ni fimbo ambayo kanuni zinakuachia upenyo: ukimaliza shimo, unaruhusiwa kufanya mazoezi ya kusukuma kwenye griini hiyo hiyo uliyoimaliza, mradi huwacheleweshi wengine. Ziwe zote mbili mkobani ndani ya zile 14.

Sukuma mipira miwili kutoka hatua mbili, na miwili kutoka hatua kumi na mbili. Za karibu zinaonyesha kama unailenga sawa. Za mbali zinaonyesha hisia ya mwendo: andika mpira umesimama hatua ngapi kutoka shimoni, mbele au nyuma. Pata inayotia za karibu lakini ikakuacha hatua tatu kwenye za mbali itakugharimu mikwaju mitatu griini kila baada ya mashimo machache.

## Hatua ya 10: Hesabu ukiwa umekaa

Usihesabu ukiwa njiani, na usihesabu mbele ya muuzaji. Kaa, kunywa maji, fungua daftari.

Huu ni ukurasa wangu wa siku moja, mipira saba ya kwanza ya kila draiva, kwa yadi.

Ya zamani: 208, 212, 199, 215, 204, 210, 203. Feawei mitano kati ya saba.

Mpya: 236, 188, 221, 229, 184, 215, na mmoja nje ya mpaka. Feawei miwili.

Nilipofika nyumbani kichwani mwangu kulikuwa na namba moja tu, 236. Ningeulizwa siku hiyo, ningesema fimbo mpya imenipa yadi 20. Daftari likasema vingine. Wastani wa zamani ni 207. Wastani wa mpya, hata ukiusamehe ule uliotoka nje, ni 212. Yadi tano. Na kwa yadi tano hizo nilipoteza feawei tatu na mpira mmoja mzima.

Lakini tazama kitu kingine: tofauti kati ya mpira mrefu na mfupi. Ya zamani ni yadi 16, kutoka 199 hadi 215. Mpya ni yadi 52. Kwa draiva hilo linavumilika kidogo. Kwa aironi ni msiba, kwa sababu aironi inatakiwa ikufikishe mahali unapopajua. Namba 7 inayokwenda 150 leo, 162 kesho, na 139 keshokutwa haikuachii nafasi ya kuchagua fimbo.

Fuata mpangilio huu: kwanza linganisha mipira mitatu mibaya zaidi ya kila fimbo, iliishia wapi. Kisha linganisha tofauti ya mrefu na mfupi. Kisha feawei au griini ulizopata. Umbali uje mwisho. Mpira wako mzuri kupita yote ufute kabisa kwenye kila upande, uone kama hukumu inabadilika. Ikibadilika, ulikuwa unanunua mpira mmoja.

Fimbo mpya ishinde kwa mambo mawili kati ya hayo manne, na isishindwe vibaya kwenye mipira mibaya. Ikitoka sare, baki na yako.

## Hatua ya 11: Raundi ya pili, kisha jibu

Rudia baada ya siku chache, si kesho yake. Fimbo mpya huleta umakini mpya: unaipangia, unaitazama, unapumua kabla ya kupiga. Wiki ikipita, umakini huo hupungua na unabaki na fimbo yenyewe. Kama raundi mbili zinakubaliana, una jibu. Zikipingana, omba ya tatu, na muuzaji anayekataa kabisa kukupa nafasi hiyo mwachie fimbo yake.

Ukiirudisha, ioshe kwa maji ya vuguvugu na brashi laini, toa udongo kwenye mifereji ya uso, futa wino wote, kausha shafti. Piga picha zile zile nne tena, ukiwa naye, na umtumie. Mpe jibu siku mliyokubaliana hata kama jibu ni hapana, na mwambie sababu kwa namba: "Ndugu, imetawanyika yadi 52, yangu 16. Kama una yenye shafti fupi zaidi, nipigie."